Nilipandisha dau la saa kwa jina la mama, sasa silali

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nane Uingereza. Nimeolewa, tuna watoto wawili, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi zamu za usiku. Naomba jina langu lisitoke, maana huku Watanzania tunajuana.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anauza saa za mkono za zamani. Huzipata kwa familia zilizofiwa, kwenye magulio ya Jumapili, na nyingine kwa jamaa zetu walioko Maskati. Anazisafisha, anazipeleka kwa fundi, kisha anaziweka kwenye mnada wa mtandaoni. Kwetu sisi ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Ada ya kozi yangu alilipa yeye. Mama alipofanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka juzi, nusu ya gharama ilitoka mfukoni mwake, na mpaka leo hajawahi kulitaja hilo mbele ya mtu.

Miaka mitatu iliyopita aliniomba kitu kidogo. "Shemeji, fungua akaunti, uwe unaniwekea dau la kwanza. Mnada usio na mtu ni kama mgahawa mtupu, kila mtu anachungulia na kupita." Nikafungua. Dau la kwanza likaja kuwa la pili, la pili likawa la tano. Baadaye mtandao ukaanza kuniuliza maswali kuhusu akaunti yangu, akasema nifungue nyingine kwa jina jingine. Nikatumia jina la mama. Mama yuko Tanga, simu yake ni kitochi, mnada wa mtandaoni hajui hata unafananaje.

Sasa ikaja saa moja ya dhahabu yenye nembo ya jambia la Oman usoni, ya enzi za Sultan Qaboos. Ilikuwa Jumapili, niko zamu. Saa tatu na dakika arobaini usiku wazee wameshalala, nimekaa jikoni na kikombe cha chai na simu. Mnada unafungwa saa nne. Watu wa kweli walikuwa wawili tu. Mmoja aliishia pauni 3,150. Wa pili, jina lake linaonekana kama herufi mbili na nyota katikati, akawa juu kwa 3,200. Shemeji akaandika WhatsApp: "Panda." Nikapanda. Papo hapo nikaambiwa nimepitwa. Nikapanda tena, nimepitwa. "Panda, huyu ana hela." Nikaenda hivyo, hamsini hamsini, mara nyingine mia tatu kwa mkupuo, mpaka nilipoweka 7,450 na jibu halikuja. Mara yakatokea maandishi ya kijani: Hongera, umeshinda! Aliyeshinda ni mama yangu wa Tanga.

Shemeji hakushtuka. Kesho yake alimwandikia yule wa nyota kwamba mshindi ameshindwa kulipa, hivyo anampa nafasi ya pili kwa dau lake la mwisho, pauni 7,400. Akalipa siku ileile.

Wiki mbili baadaye tunakula kwetu, shemeji akatoa simu atusomee ujumbe wa mnunuzi. Ni mzee. Baba yake alifanya kazi Oman miaka ya sabini, alikuwa na saa kama hiyo, ikaibwa. Ameandika kwamba ameuza kigari chake ili aipate, na kwamba alishangaa kukuta kuna mtu mwingine anayeipenda saa hiyo kama yeye. Shemeji akacheka, mume wangu akacheka. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha kwenye sahani.

Halafu kwenye darsa la wanawake, ustadh akaeleza habari ya najshi: mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine akinunue ghali. Alisema Mtume amelikataza. Nilihisi darsa zima linanitazama. Akaongeza kuwa haki ya Mungu unaweza kuiombea msamaha, lakini haki ya mja lazima uirudishe.

Mwisho wa mwezi kuna saa nyingine. Shemeji anasema hii itafika elfu ishirini, na ameshaniuliza niko zamu gani. Mume wangu anasema najitesa bure: hakuna aliyeshikiwa bunduki, mzee aliitaka saa, akalipa alichokuwa tayari kulipa, na hata kwetu madalali wana watu wao mnadani. Sina jibu la kumpa. Nikikataa nitaonekana mtovu wa fadhila. Nikimwandikia yule mzee nitamtumbukiza shemeji. Nikiripoti, makaratasi yangu ya kuishi huku itakuwaje? Na je, nilichofanya ni wizi?

Mpanda Dau, Uingereza


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye tonge. Kabla ya darsa, kabla ya ustadh kusema neno, mkono wako ulikuwa umeshajua kitu. Kwa hiyo sidhani uliniandikia ili nikuambie kama jambo hili lina kasoro. Naona umeniandikia kwa sababu watu wawili unaowapenda wanacheka, wewe huwezi kucheka, na hoja ya mumeo inaonekana nzito kuliko usingizi wako ulivyopotea.

Basi tuanze na hoja yake, maana si ya kipuuzi, wengi huisema. Mzee alilipa alichokuwa tayari kulipa.

Umesema kila ukibonyeza, jibu lilirudi papo hapo. Ulidhani kuna mtu upande wa pili ameshika simu kama wewe, macho yamemtoka, anashindana? Minada mingi ya mtandaoni haiendi hivyo. Mnunuzi huandika mara moja kiwango chake cha juu kabisa, nacho hufichwa. Kisha mtandao unapanda kwa niaba yake, kidogo kidogo, kadiri tu inavyohitajika kumpita mwenzake. Huenda mzee aliandika 7,400 tangu asubuhi, akanywa supu yake akalala. Ulikuwa unashindana na mashine iliyokabidhiwa siri yake.

Siri hiyo aliitoa kwa sharti moja: itumike dhidi ya wanunuzi wa kweli tu. Mnunuzi wa kweli aliyebaki aliishia 3,150. Usingekuwepo wewe, saa ingekuwa yake kwa 3,200. Pauni 4,200 zilizozidi hazikuletwa na mtu aliyeitaka saa ile. Zilipatikana kwa kupapasa mfuko wake gizani, hamsini hamsini, mpaka ukagusa chini. Pale ulipopitiliza na kushinda, ndipo mlipojua hasa mfuko unaishia wapi, na ile barua ya "nafasi ya pili" ikaandikwa kwa kipimo chake kamili.

Ni kweli, alikuwa tayari kulipa. Hata mimi niko tayari kulipa nauli ya elfu kumi kama gari ni la mwisho usiku. Lakini kondakta akinidanganya kuwa ni la mwisho, utayari wangu umetoka wapi?

Hesabu hii sijaitunga mimi. Ujerumani kulikuwa na mtu aliyeweka gari, Volkswagen Golf, kwenye mtandao wa mnada wa eBay kwa kuanzia yuro 1, akawa anajipandishia mwenyewe kwa akaunti nyingine mpaka 17,000. Mnunuzi aliyekuwa akishindana naye akaenda mahakamani. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya shirikisho ikayaondoa madau yote ya muuzaji, ikatazama yaliyobaki, ikaona kuwa mnunuzi yule alikuwa ameshinda kwa yuro 1.50. Gari lilikuwa limeshauzwa kwingine, kwa hiyo muuzaji akadaiwa fidia ya yuro 16,500. Majaji walifanya kama nilivyofanya hapo juu: toa dau hewa, uone bei inabaki wapi.

Na huko uliko? Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1979 inasema muuzaji haruhusiwi kupandia mali yake mwenyewe, wala kumtuma mtu ampandie, mpaka awe ametangaza mapema kuwa amejiwekea haki hiyo. Asipotangaza, mnunuzi anaweza kuuhesabu mnada kuwa wa udanganyifu. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimtoza mwanamume mmoja faini ya pauni 5,000 na saa 250 za kazi za jamii kwa kujipandishia madau kwenye eBay, kwa basi dogo na vitu vingine. Basi dogo, mwanangu, si saa ya dhahabu. Nakwambia haya ili ujue unasimama wapi, si kukutisha.

Kuhusu madalali wa kwetu, mumeo hajakosea kabisa. Nimewahi kusimama kwenye mnada wa ng'ombe, nikaona jamaa mmoja mwenye kofia ya pama anapandia kila dume na hanunui hata mbuzi. Kila mtu pale alimjua. Wazee walikuwa wakimtazama, wanacheka, wanasubiri anyamaze ndipo waseme bei yao. Mnunuzi ana macho, ana jirani wa kumkanyaga mguu amwambie huyo ni mtu wa dalali. Mzee wa watu alikuwa na nini? Herufi na nyota. Na hata huko kwetu sheria iko upande wa mnunuzi, kwani Tanzania na Kenya zote zilirithi kifungu hicho kutoka sheria ya Mwingereza ya 1893.

Sasa fadhila. Hapa ndipo naona mzigo wenyewe ulipo, na sitaki kuupita haraka.

Mtu aliyemsimamia mama yako akiwa kitanda cha hospitali si mtu wa kumjibu ovyo. Naelewa kwa nini neno "hapana" linakukwama. Lakini jiulize polepole: shemeji aliwahi kukuambia kuwa ada na nyonga ya mama vitalipwa kwa madau? Kwa maelezo yako mwenyewe, hajawahi kulitaja. Inawezekana daftari la deni unaliandika peke yako, naye hajui kama lipo. Inawezekana pia analijua vizuri sana na ndiyo maana hakuomba mtu mwingine. Mimi siwezi kujua kutoka huku. Wewe unayekula naye unaweza.

Jambo jingine ambalo umelipita kwa sentensi moja, mimi limenikaa kooni: jina la mama. Wewe ulikubali, hata kama ni kwa shingo upande. Mama hakuulizwa. Mtandao ukija kuuliza, kumbukumbu zitaonyesha mwanamke wa Tanga aliyeshinda saa ya pauni 7,450 na kukataa kulipa. Na usidhani jina jingine linakuficha. Mitandao hii hulinganisha simu iliyotumika, anwani ya intaneti, na tabia ya akaunti. Akaunti inayopandia vitu vya muuzaji mmoja tu, haishindi, na ikishinda hailipi, haihitaji mpelelezi. Mwaka 2000 wauzaji watatu Marekani walikuwa na majina zaidi ya 40 ya kupandishia. Mchoro ulioanzia senti 25 ukafika dola 135,805, dunia nzima ikageuka kutazama, na kabla pesa hazijalipwa eBay ikagundua muuzaji mwenyewe alikuwa kati ya wapandaji. Mmoja wao alikuwa wakili. Alikiri kosa mahakamani.

Ufanye nini? Njia nazoziona si za kuchagua moja na kuacha nyingine, na kila moja ina mwiba wake.

Ya karibu kabisa ni kuacha. Kusema tu kuwa mwisho wa mwezi haupo. Unaweza kutafuta kisingizio, zamu, mtoto anaumwa, lakini mwezi unaofuata utahitaji kingine, na saa zipo nyingi. Au unasema lilivyo: "Shemeji, nakuheshimu, na ulilomfanyia mama sitalisahau. Hili la madau siliwezi tena." Usiingize ustadh, usiingize sheria, usimwite mwizi. Mtu akihukumiwa mbele ya mdogo wake hujitetea. Akiambiwa "siliwezi", hana cha kubishania. Ningekushauri uongee na mumeo kwanza, mkiwa wawili, ukiwa na karatasi yenye namba tatu: 3,150, 3,200 na 7,400. Muulize ile tofauti ni ya nani. Umpe nafasi ya kufikiri, usimdai jibu usiku huohuo. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kukushangaza.

Shemeji naye ana njia halali, na hilo linaweza kumsaidia kukusikiliza. Kama anaogopa saa nzuri kuondoka kwa bei ya kutupwa, aiwekee bei ya kuanzia anayoridhika nayo, au bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa saa haiuzwi. Hata nyumba kubwa za mnada za London hufanya hivyo: mnadi anaweza kupanda kwa niaba ya mwenye mali, lakini chini ya bei hiyo tu, na masharti ya mnada yanalisema. Anachopoteza shemeji ni ule mvuto wa bei ndogo ya kuanzia. Ni hasara ya kweli kwa mfanyabiashara, tusijifanye haipo.

Kisha kuna mzee na pauni zake 4,200. Ustadh amekwambia haki ya mja hurudishwa, na mimi si mtu wa kusahihisha darsa. Mwenye uwezo wa kurudisha kwa njia iliyonyooka ni shemeji, kwa sababu pesa ziliingia kwake: anaweza kumrejeshea sehemu ya bei, au kumwambia akitaka airudishe saa apewe zake zote. Akikataa, unabaki na maswali magumu. Je, ulipe wewe kidogo kidogo kutoka mshahara wa zamu za usiku? Wapo watakaosema ndiyo. Je, umwandikie mzee mwenyewe? Natamani niseme andika, maana yule mtu bado anaamini kuna mwenzake aliyeipenda saa ile. Lakini barua hiyo ni kukiri, itabaki kwenye simu yake, na itawataja wengine hata usipotaja jina.

Ndiyo maana, kabla hujamwandikia yeyote nje ya nyumba yenu, ongea na wakili. Utakachomwambia wakili kinabaki kwake. Kama hujui pa kuanzia, shirika la ushauri la Citizens Advice wako karibu kila mji wa Uingereza na hawalipishi, watakuelekeza. Hilo la makaratasi lipeleke kwa wakili wa uhamiaji, si kwa Watanzania wenzako kwenye kundi la WhatsApp, na wala si kwangu. Mpaka hapo, usifute ujumbe wa shemeji hata kama unakuchoma kuuona. Kufuta kunaweza kukugeukia.

Kuripoti umekutaja, nami sikuondolei. Ni mlango uliopo. Ukiufungua hutaweza kuchagua nani apite na nani abaki, na watoto wa shemeji ni binamu za watoto wako. Usipoufungua, mnunuzi wa saa ya elfu ishirini atafika mwisho wa mwezi akiwa na mashine yake na siri yake, hata kama aliyeketi na simu si wewe. Huyo naye anaweza kuwa mzee wa mtu. Sitakuamulia uzito wa pande hizo mbili, kwa kuwa mimi sitakula sikukuu na familia hiyo.

Umeuliza kama ni wizi. Umeshaona sheria inaitaje, umesikia darsani inaitwaje. Jina utakalolitumia wewe ukiwa jikoni peke yako usiku, nakuachia.

Lakini mpigie mama. Si lazima umweleze mnada, nyota na nafasi ya pili, atachoka bure. Mwambie tu kuwa ulitumia jina lake mahali pasipofaa na kwamba, baada ya kuongea na wakili, unataka kulifunga. Atauliza kama umekula. Mjibu, kisha umsikilize atakachosema baada ya hapo, halafu uniandikie.